Anza na Nusukipenyo: Vidokezo 12 vya Kuielewa Mada ya Duara

Mada ya duara humfikia mwanafunzi wa kidato cha pili au cha tatu ikiwa na msururu wa kanuni, kila moja na mchoro wake. Wengi huzikariri kama wanavyokariri majina ya mito. Siku ya mtihani mchoro unakuja umegeuzwa kidogo tu, na yote yaliyokaririwa yanapotea. Nimeketi na wanafunzi wengi mbele ya mchoro wa namna hiyo, na ninachowaambia ni hiki: kanuni zote hizo ni watoto wa mama mmoja. Mama huyo ni sentensi fupi ambayo uliisikia tangu shule ya msingi, kwamba kila nukta ya mzingo iko umbali uleule kutoka kitovu. Ukimjua mama, watoto utawatambua hata wakibadili nguo.

Neno moja kwanza kuhusu lugha. Mtihani wako huenda ni wa Kiingereza, lakini kichwa chako kina haki ya kufikiri kwa Kiswahili. Hapa mstari unaounganisha nukta mbili za mzingo nitauita ugwe, kwa sababu tao la duara ni kama upinde na mstari ule ni ugwe wake uliovutwa. Mwalimu akiutaja kwa Kiingereza unasikika kama "kodi". Ni huohuo.

1. Chora upya, na uchore kubwa

Mchoro wa kwenye karatasi ya maswali mara nyingi ni mdogo na haukuchorwa kwa vipimo. Usiuamini kwa macho. Chukua bikari, au mdomo wa kikombe kama bikari imepotea, uchore duara linalojaza nusu ya ukurasa. Andika kila pembe uliyopewa mahali pake. Mistari iliyo sawa itie alama ya kistari kimoja kimoja. Dakika mbili zinazopita hapa si hasara, kwa kuwa nusu ya makosa ninayoyaona hutokana na pembe iliyoandikwa kwenye kona ya jirani.

2. Ukiona kitovu, unganisha

Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote. Ukiona herufi O katikati ya duara, weka rula na uvute mstari hadi kila nukta iliyoko kwenye mzingo. Mistari hiyo yote ni nusukipenyo, na nusukipenyo za duara moja ni sawa. Papo hapo mchoro unajaa pembetatu pacha, yaani zenye pande mbili sawa, na pembetatu pacha ina pembe mbili sawa pale chini.

Tuseme A na B ziko kwenye mzingo na pembe AOB ni nyuzi 110. Swali linataka pembe OAB. Hakuna kanuni ya duara ya kukumbuka hapa. OA na OB ni sawa, kwa hiyo pembe za A na B ni sawa, na zinagawana nyuzi 70 zilizobaki: 35 kwa 35. Umemaliza.

Mwanafunzi anayekwama huwa anautazama mchoro kama ulivyo, akingoja ujieleze. Anayefaulu huuongezea mstari. Unaruhusiwa kuongeza mstari! Hakuna msahihishaji anayekukata alama kwa kuchora nusukipenyo ambayo swali halikuichora.

3. Ile kanuni ya "mara mbili" ijenge kwa mikono yako

Pembe ya kitovuni ni mara mbili ya pembe ya mzingoni inayosimama juu ya tao lilelile. Utaikuta kila kitabu. Lakini ukiijenga mara moja wewe mwenyewe, hutaisahau wala hutaigeuza.

Weka A, B na P juu ya mzingo, P ikiwa upande wa mbali. Vuta mstari kutoka P upite O na utokee ng'ambo, nukta iitwe Q. Sasa OA na OP ni nusukipenyo, basi pembetatu OAP ni pacha. Pembe zake za A na P ziite x. Pembe AOQ iko nje ya pembetatu hiyo, kwa hiyo ni jumla ya zile mbili za ndani zilizo mbali nayo: 2x. Upande wa B ni vivyo hivyo: pembe za B na P ziite y, na BOQ inakuwa 2y. Pale P una x + y. Pale kitovuni una 2x + 2y. Hiyo ndiyo kanuni nzima, na imetoka kwenye nusukipenyo tatu na pembetatu mbili pacha.

Euclid aliiandika katika kitabu cha tatu cha kazi yake kubwa ya jiometri, ikiwa hoja ya 20, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Jina lake linahusishwa na Alexandria, kwenye pwani ya Misri. Kitabu hicho cha tatu chote kinahusu duara, na kina hoja 37. Sehemu kubwa ya mada yako imetoka humo.

Mtego uko hapa: P ikiwa juu ya tao dogo, karibu na A na B, pembe ya kitovuni unayotakiwa kuitumia ni ile kubwa ya upande wa pili. Kama AOB ni nyuzi 100, ile kubwa ni 260, na pembe ya P ni 130. Mwanafunzi anayeandika 50 hapo hakusahau kanuni. Hakuuliza tu pembe inatazama wapi. Na hilo linatupeleka kwenye kidokezo kinachofuata.

4. Ipe kila pembe macho

Kila pembe ya mzingoni ichukulie kama mtu aliyekaa pale kwenye kona, mikono miwili ya pembe ikiwa mipaka ya anachokiona. Anatazama tao gani? Pitisha kidole juu ya tao hilo. Pembe zote zinazotazama tao moja ni sawa, kwa sababu kila moja ni nusu ya pembe ileile ya kitovuni.

Wapenzi wa mpira mna mfano mzuri. Milingoti miwili ya goli iko umbali wa mita 7.32. Chora duara linalopita kwenye milingoti yote miwili na kuingia uwanjani. Mshambuliaji akisimama popote juu ya tao hilo la uwanjani, goli analiona kwa upana uleule wa pembe, awe katikati au pembeni. Akiingia ndani ya duara, pembe inapanuka. Akitoka nje, inabana. Ukitaka kujua kwa nini winga aliyebanwa kwenye mstari wa mwisho hupiga krosi badala ya kupiga golini, chora uwanja na maduara mawili matatu ya namna hiyo, uone pembe yake ilivyo nyembamba.

5. Neno "kipenyo" ni kengele

Swali likisema AB ni kipenyo, simama. Limekupa pembe mraba bila kuitaja. Kipenyo ni pembe ya nyuzi 180 pale kitovuni, na nusu yake ni 90. Kwa hiyo nukta yoyote ya mzingo ukiiunganisha na A na B, inatoa pembe ya nyuzi 90. Wagiriki wa kale walimpa Thales wa Miletus sifa ya kuligundua hili.

Fundi seremala anaweza kulitumia bila kuliita jina. Ana ubao wa mviringo, anataka katikati yake, na hakuna alama. Anaweka kona ya skwea yake ukingoni mwa ubao, anatia alama pale mikono miwili ya skwea inapokata ukingo, kisha anaunganisha alama hizo. Huo ni mstari wa kipenyo. Anasogeza skwea mahali pengine, anarudia, na vipenyo viwili vinapokutana ndipo katikati. Jaribu leo nyumbani. Kona ya daftari ni skwea tosha, na kizungushie kifuniko kalamu upate duara.

6. Pembenne: hesabu kona nne kabla ya kuandika 180

Pembenne ambayo kona zake zote nne ziko juu ya mzingo ina sifa hii: pembe zinazotazamana hujumlika kuwa nyuzi 180. Moja inatazama tao hili, mwenzake tao lililobaki, matao mawili yanakamilisha 360, na nusu yake ni 180.

Kona zote nne, nasema. Kona moja ikiwa O, kanuni haipo. Mchoro wenye O, A, P na B humnasa mwanafunzi kila mwaka.

7. Gae la Kilwa, au namna ya kupata duara lililopotea

Hapa nakaa kidogo, maana ndipo mada inapopendeza.

Kutoka kitovu, mstari unaofika katikati ya ugwe hukutana nao kwa pembe mraba. Sababu unaijua tayari: nusukipenyo mbili hadi ncha za ugwe hufanya pembetatu pacha, na pembetatu pacha ukiikunja katikati nusu zake hulaliana sawasawa. Geuza maneno upate chombo cha kazi: mstari unaokata ugwe katikati kwa pembe mraba lazima upite kitovuni. Ukiwa na nyugwe mbili zisizo sambamba, mistari hiyo miwili itakutana kwenye kitovu.

Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa zamani wa Waswahili, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta magae ya vyombo vya kauri vilivyotoka China. Chombo kizima ni nadra. Gae la ukingo lakini, hata likiwa dogo, lina kipande cha tao, na tao halisahau duara lake. Wataalamu wa vyungu hupima mpindo wa ukingo wa gae ili kukadiria upana wa mdomo wa chombo. Nawe unaweza.

Tuseme una gae la ukingo. Unaweka rula kutoka ncha moja hadi nyingine: ugwe ni sentimita 12. Kutoka katikati ya ugwe hadi kilele cha tao unapata sentimita 2. Nusukipenyo iite r. Kutoka kitovu hadi kilele ni r, basi kutoka kitovu hadi ugwe ni r – 2. Nusu ya ugwe ni 6. Una pembetatu mraba, na kanuni ya Pythagoras inasema:

r² = 6² + (r – 2)²
r² = 36 + r² – 4r + 4
4r = 40
r = 10

Bakuli lilikuwa na mdomo wa kipenyo cha sentimita 20. Umelipata lote kutoka kwenye kipande kinachoenea kiganjani. Mimi sijui swali la hisabati la kidato cha tatu linalonifurahisha kuliko hili. Tafuta kigae cha sahani iliyovunjika jikoni, upime, kisha ulinganishe na sahani mwenzake iliyobaki kabatini.

Swali la mtihani litakuja limevaa nguo nyingine: ugwe wa sentimita 16 kwenye duara lenye nusukipenyo ya sentimita 10, uko umbali gani kutoka kitovu? Nusu ya ugwe ni 8, 100 toa 64 ni 36, jibu ni sentimita 6. Makosa ya kawaida ni mawili, kusahau kugawa ugwe kwa mbili, na kujumlisha miraba pale pa kutoa. Pembetatu uliyoichora itakuambia upande mrefu ni upi. Daima ni nusukipenyo.

8. Tanjenti: tafuta mahali inapogusa

Tanjenti ni mstari ulionyooka unaogusa duara kwenye nukta moja tu. Fikiria gurudumu la baiskeli juu ya barabara tambarare. Barabara ni tanjenti, na mstari kutoka katikati ya gurudumu hadi linapogusa ardhi umesimama wima kabisa.

Kwa nini iwe nyuzi 90? Nukta ya mguso iko juu ya duara, na nukta nyingine zote za tanjenti ziko nje yake, yaani mbali zaidi na kitovu. Basi nukta ya mguso ndiyo iliyo karibu zaidi, na njia fupi kutoka nukta hadi mstari ni ile inayokutana nao kwa pembe mraba.

Kwa hiyo ukiona tanjenti, chora nusukipenyo hadi mguso na uweke alama ya pembe mraba, hata kabla ya kusoma swali lote. Tanjenti mbili zinazotoka nukta moja T ni sawa kwa urefu. Chora nusukipenyo zote mbili pamoja na mstari OT, uone pembetatu mraba mbili zinazofanana kwa kila kitu.

Kisha kuna ile kanuni inayoogopwa, kwamba pembe kati ya tanjenti na ugwe ni sawa na pembe iliyo mzingoni upande wa pili wa ugwe. Wanafunzi huiacha ipite. Usiiache. Tanjenti inagusa pale A, ugwe ni AB, pembe kati yao ni x. Chora OA na OB. Pembe OAB ni 90 – x. Pembetatu ni pacha, basi OBA nayo ni 90 – x. Zinazobaki kwa AOB ni 2x. Pembe ya mzingoni ni nusu yake: x. Mistari minne ya kazi, na nusukipenyo zilezile.

9. Andika sababu kando ya kila hatua

Swali likikutaka utoe sababu, namba tupu haitoshi. Na hata lisipokutaka, sababu humsaidia msahihishaji kukufuata, nawe hukusaidia kujikagua. Fupi inatosha: "pembetatu pacha", "pembe kwenye nusu duara", "tanjenti na nusukipenyo". Kama mtihani ni wa Kiingereza, jifunze sentensi hizo fupi kwa Kiingereza mapema, uziandike nyuma ya daftari. Usipoweza kuitaja sababu, huenda ulikadiria kwa macho.

10. Pai ibaki pai mpaka mwisho

Ukihesabu mzingo au eneo, usiingize 22/7 mwanzoni. Acha pai isimame yenyewe, kwa kuwa mara nyingi itakatana na nyingine chini. Swali likitaja thamani ya pai, tumia hiyo na si nyingine. Nusukipenyo ikigawanyika kwa 7, 22/7 itakurahisishia.

Ukumbuke tu kwamba 22/7 ni makadirio. Archimedes, kwa kutumia umbo lenye pande 96, alionyesha kwamba pai iko chini kidogo ya 22/7 na juu kidogo ya 223/71. Kabla yake sana, mwandishi wa Misri aitwaye Ahmes alinakili mafunjo, yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, yenye njia hii ya eneo la duara: toa sehemu moja ya tisa ya kipenyo, kilichobaki kizidishe kwa chenyewe. Kipenyo cha 9 kinatoa 8 × 8 = 64. Ukitumia kikokotoo utapata 63.6. Kazi safi kwa mtu asiyekuwa hata na alama ya pai.

11. Dunia nayo ni nusukipenyo

Wanafunzi wa Tanzania hukutana na hesabu za longitudo na latitudo, na wengi huziona kama mada ngeni. Ni tao na pembe ya kitovu tu, ila kitovu sasa kiko katikati ya dunia. Addis Ababa iko karibu na latitudo 9 kaskazini, Dar es Salaam karibu na 7 kusini, na zote mbili ziko jirani na longitudo 39 mashariki. Pembe kati yao pale kitovuni ni 9 + 7 = nyuzi 16. Ukichukua nusukipenyo ya dunia kuwa kilomita 6,370 na pai kuwa 22/7, mzingo ni kilomita 40,040, na 16 juu ya 360 ya huo ni takriban kilomita 1,780. Kwa maili za baharini ni rahisi zaidi: kila nyuzi moja ni maili 60, basi 16 × 60 = 960.

Latitudo zikiwa pande mbili za ikweta unajumlisha. Zikiwa upande mmoja unatoa. Chora kwanza, utajua.

12. Tatua swali moja kwa njia mbili

Maswali 30 ya harakaharaka hayakufundishi kama swali moja ulilolizunguka. Chukua hili. AB ni kipenyo, O ni kitovu, C iko juu ya mzingo, na pembe CAB ni nyuzi 28. Tanjenti ya pale C inakutana na AB iliyorefushwa kupita B, kwenye nukta T. Tafuta pembe ya T.

Njia ya kwanza: chora OC. Pembetatu OAC ni pacha, pembe COB iko nje yake, basi ni 56. Pembe OCT ni 90. Zinabaki 34.

Njia ya pili: pembe ACB ni 90, basi CBA ni 62. Pembe BCT, kwa kanuni ya tanjenti na ugwe, ni 28. Na 62 ni ya nje kwa pembetatu BCT, kwa hiyo T ni 62 – 28 = 34.

Sasa futa 28 uweke x. Jibu linakuwa 90 – 2x. Ongeza x taratibu: 30, 40, 44. T inakimbilia mbali zaidi na zaidi kwenye ule mstari. Ile x ikifika 45 pembe inakuwa sifuri, tanjenti inalala sambamba na kipenyo, na T haipo tena. Ipitishe x hiyo 45 kisha uchore uone T imetokea wapi.